Kipya kinyemi, ya kale dhahabu: tukimbilie Rust au tubaki na PHP?

Wakikutana madevelopa watatu wanne dakika kumi hazipiti, lazima ubishi huu uzuke, ujifunze lugha mpya ya kuandikia programu inayovuma au ushike ile kongwe inayoendesha mambo. Wa upande wa kwanza atakwambia kamata Rust, kamata Go, kamata Kotlin, dunia inakimbia hii, utabaki peke yako na PHP yako. Wa upande wa pili, mara nyingi mvi zimeshaanza, anacheka tu, anakwambia nimezika lugha nyingi mimi, Java na SQL zinanilisha hadi leo. Mmoja anaamini kipya kinyemi, mwenzake anaapa ya kale dhahabu, na wahenga walituachia methali zote mbili bila kutuambia ipi ni ya siku gani.

Mi naona wote wanapima umri, na umri ndo kipimo kibovu kuliko vyote hapa. Swali lingekuwa hili: mwenye mfumo akiamua kesho aihame hiyo lugha, itamuuma kiasi gani? Panapouma sana ndo pana mshahara wa kudumu. Ila ndo pana na mtego, na hapo wazee huwa hawasemi ukweli wote.

Chukua COBOL, maana ndo mfano unaopendwa. Ilibuniwa 1959 na mpaka leo bado inahesabu hela kwenye mabenki, makampuni ya bima na ofisi za serikali huko Marekani na kwingineko. Mwezi wa nne 2020, corona imepamba moto, watu wamepoteza kazi kwa wingi, mfumo wa mafao ya wasio na ajira kule New Jersey ukazidiwa, gavana Phil Murphy akasimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wanaojua COBOL wajitokeze kusaidia. Habari ikazunguka dunia nzima na kila mtu akawa anasema unaona sasa, jifunze COBOL utakuwa tajiri. Lakini alichoomba gavana ni watu wa kujitolea. Kujitolea! Uhaba ukiwa mkubwa namna hiyo halafu anayelia hazungumzii malipo, jiulize hiyo dhahabu iko wapi.

Na sintaksi ya COBOL, yaani kanuni za kuiandika, sio ngumu kivile, mtu anayejua lugha nyingine ataisoma ndani ya wiki chache kwa sababu iliundwa isomeke kama sentensi za kawaida. Kigumu ni kila kitu kinachoizunguka, mainfremu yenyewe (kompyuta kubwa za taasisi), JCL ya kupangia kazi, CICS ya kuendeshea miamala, na zaidi ya yote kujua kwa nini mwaka 1983 mtu aliweka sharti fulani kwenye mstari fulani ambalo ukilitoa pensheni za watu elfu kadhaa zinakosewa. Aliyeliweka kastaafu. Anayelipwa vizuri leo ni yule aliyekaa ndani ya hiyo taasisi miaka 20, analipwa kwa anachokumbuka, sasa we unayekuja na cheti cha mtandaoni hata ukijua COBOL yote kichwani bado huna kile wanachokitafuta.

Kwa nini basi hawahami? Kwa sababu kuhama kunaua. TSB, benki ya Uingereza, mwaka 2018 ilihamisha wateja wake kutoka mfumo wa zamani iliokuwa inautumia kwa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya uliotengenezwa na wamiliki wake wa wakati huo, benki ya Sabadell, na wateja karibu milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, wengine ikachukua wiki na wiki kukaa sawa, mwaka 2022 benki ikapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Wala haikuwa suala la lugha, ilikuwa ni kuhama tu. Bosi wa benki nyingine akisoma habari kama hiyo anafunga faili la mradi wa kuhama na kulirudisha kabatini, na yule mzee wa COBOL anaongezewa mkataba mwingine.

Sasa PHP, hii mi naipenda kwa jinsi inavyotukanwa. Rasmus Lerdorf aliitoa 1995 kama vifaa vya kurasa zake mwenyewe, na kila baada ya miaka michache kuna mtu anatangaza msiba wake. Wakati huohuo WordPress, iliyoandikwa kwa PHP, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote, na Wikipedia nayo ni PHP. Ila mfano mtamu kuliko wote ni Facebook. Walianza na PHP 2004, wakakua mpaka lugha ikaanza kuwaelemea, hela wanazo, mainjinia wanao, ungetegemea waandike upya kwa lugha ya maana. Hawakufanya hivyo. Walitengeneza programu yao ya kuikimbiza PHP, HHVM, na 2014 wakatoa lugha inaitwa Hack ambayo inafanana na PHP ila imewekewa taipu, yaani unataja kila data ni ya aina gani. Maana yake ni kwamba kwa kampuni yenye uwezo ule kubuni lugha nyingine nzima ilikuwa rahisi kuliko kuitupa kodi ya zamani. (Nikisema kodi namaanisha ya kompyuta, sio ile ya mwenye nyumba, ingawa zote hazikupi usingizi.)

Lakini haya, ujue PHP ni rahisi kuingia kwa hiyo mlangoni pamejaa. Kazi za chini, kutengeneza websaiti ya WordPress kwa mteja, mnagombania wengi na bei inashuka kila siku. Hela ya PHP iko kwenye mifumo mikubwa iliyozeeka ambayo hakuna kijana anataka kuigusa, na huko nako unafika baada ya kuteseka na hizo ndogondogo kwanza. Ugumu wa mwenye mfumo kuhama unakusaidia pale tu ambapo na wenzako wanaona ugumu kuingia.

Upande wa vipya una hoja nzito zaidi kuliko wazee wanavyokubali, maana sio fasheni tu. Rust ilianza kama mradi binafsi wa Graydon Hoare 2006 akiwa Mozilla, vesheni ya 1.0 ikatoka 2015, na inatibu ugonjwa wa kweli. Kwenye C na C++, lugha kongwe za kujengea mifumo, ni wewe mwenyewe unayekumbuka kuachia memori uliyoiomba, ukisahau inavuja, ukiiachia mapema halafu ukaigusa tena mdukuzi anapata upenyo. Mwaka 2019 Microsoft walisema asilimia kama 70 ya matundu ya usalama wanayoyaziba kila mwaka yanatokana na makosa ya memori, na watu wa Chromium, mradi ulio nyuma ya brauza ya Chrome, mwaka uliofuata wakatoa takwimu ileile kwa matundu yao makubwa. Rust inasema kila kipande cha memori kina mwenyewe mmoja, mwenyewe akiondoka kinaachiwa hapohapo, ukitaka kumwazima mwenzio kompaila (ile inayogeuza ulichoandika kuwa programu) inaangalia kwanza kama kuna mtu mwingine anakibadilisha wakati huo, na ukikosea programu haijengeki. Hamna mfagiaji wa kupita nyuma yako kuzoa memori zilizoachwa kama kwenye Java. Mwanzoni unaichukia hiyo kompaila kama mwalimu wa zamu, kweli kabisa.

Na imekubalika mahali pagumu, Disemba 2022 Linux 6.1 ilitoka ikiwa na msaada wa Rust ndani ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi, kerneli ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ya C na assembly tu. Ila somo zuri liko kwenye Android. Sehemu ya matundu ya usalama yanayotokana na memori ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, na hawakuandika upya ile milima ya C++ iliyopo. Waliamua tu kwamba vitu vipya viandikwe kwa lugha salama, vya zamani vikabaki palepale, na kadiri kodi ya zamani inavyokaa bila kuguswa makosa yake yanaendelea kupatikana na kuzibwa mpaka yanapungua yenyewe.

Hapo ndo nilipoanza kuona lugha mpya zinazoshinda zina tabia moja, zinakuja na mlango wa kuingilia nyumba ya zamani. Kotlin, Google ilipoitangaza rasmi kwa Android 2017, ulikuwa unaweza kuweka faili moja la Kotlin katikati ya mafaili mia ya Java na mambo yakaenda. TypeScript ya 2012 ilipokea JavaScript yako hivyohivyo ilivyo, unaongeza taipu ukijisikia. Swift ya 2014 ya Apple iliongea na Objective-C, lugha yao ya zamani, tangu siku ya kwanza. Hizi hazikumwambia mtu avunje nyumba.

Sasa waangalie waliosema tuvunje. Python 3, isiyokubali kodi nyingi za Python 2 hivyohivyo zilivyo, ilitoka Disemba 2008, na Python 2 ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, miaka 11 hiyo, tena mwisho uliopangwa kwanza ulikuwa 2015 ukasogezwa kwa sababu watu hawajahama, na hii ni lugha kuhamia kwa mdogo wake wa tumbo moja! Perl 6 ilitangazwa 2000, ikatoka 2015, na 2019 ikabadilishwa jina ikawa Raku kwa sababu ilishaonekana sio Perl tena, wakati huo waliokuwa wanaisubiri wengi walishaondoka zamani. Kwa hiyo kijana akiniuliza hii lugha mpya ijifunzwe au isijifunzwe, siulizi ina kasi gani. Naulizia mlango.

Kuna kitu kinaisumbua hoja yangu na sitakificha, Flash. Ilikuwa karibu kila kompyuta yenye brauza, watu wamejenga maisha na lugha yake, ActionScript, na Adobe ikaizima mwisho wa 2020 baada ya kufa polepole tangu simu za Apple zilipoikataa. Kwa hesabu yangu kitu kilichoenea vile kingekuwa kigumu kukihama, mbona kilihamwa? Nilivyofikiria nikaona kuenea ni kitu kingine kabisa. Flash ilibeba matangazo, gemu ndogo na video, vitu ambavyo mwaka ukipita hakuna anayevitaka, hakuna mtu analilia bango la tangazo la 2006. COBOL inabeba salio lako. Halafu Flash ilikuwa na mwenye mali mmoja, akichoka imeisha, kama Silverlight ya Microsoft, mpinzani wake, ilivyoisha 2021. Kwa hiyo ukiwa unapima ugumu wa kuhama angalia kinachobebwa kinaishi muda gani na funguo ziko mikononi mwa nani.

SQL, lugha ya kuulizia data kwenye hifadhidata, hata sibishani. Ilitoka IBM 1974, ikaja enzi ya NoSQL, hifadhidata zisizotumia SQL, watu wakasema imekwisha, baadaye Cassandra, mojawapo ya hizo, yenyewe ikaja na CQL ambayo ukiisoma unadhani ni SQL imenyoa ndevu. Jifunze tu.

Kwa anayeanza, mi ningesema anza na lugha kongwe yenye kazi nyingi mtaani, Java, JavaScript, Python, C#, chochote kati ya hizo, kwa sababu utakutana na kodi iliyoandikwa na watu wengine na kusoma kodi ya watu ndo kazi yenyewe ilivyo, kuandika kipya kutoka sifuri ni nadra sana. Halafu ushike ile mpya yenye mlango wa kuingilia hapo ulipo. Wa Java ashike Kotlin, wa JavaScript ashike TypeScript, wa C ashike Rust. Kukimbilia Rust ukiwa hujui kitu kingine nakuonea huruma, matangazo mengi ya kazi za Rust utaona yanataka mtu aliyeshateseka na mifumo kwanza, yaani wanataka mtu wa C++ aliyetubu.

Linalonitia wasiwasi ni hizi zana za AI. Tangu Copilot 2021 na ChatGPT mwisho wa 2022 wengi wamejadili kama zitawanyang'anya watu kazi ya kuandika, ila kwangu kubwa ni kwamba zinashusha gharama ya kuhama, na gharama ya kuhama ndo ilikuwa bima ya wazee. IBM ilitoa zana ya kubadilisha COBOL kuwa Java 2023, DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, 2024 wakaanzisha mradi unaitwa TRACTOR wa kutafsiri C kwenda Rust kwa mashine. Zikifanya kazi vizuri, lile kabati lenye faili la mradi wa kuhama linafunguliwa tena, na hoja yangu yote hapo juu inaanza kulegea.

Ila kutafsiri mistari haijawahi kuwa sehemu ngumu. Mashine itakupa Java safi kabisa yenye lile sharti la 1983 ndani yake, au bila hilo sharti, na zote mbili zitajengeka, zitakimbia, zitatoa namba. Atakayejua ipi ndo sahihi ni mtu aliyekaa na matokeo ya mfumo wa zamani mkono mmoja na ya mpya mkono mwingine, anasoma lugha zote mbili, anapiga simu idara ya pensheni kuuliza hivi huyu mama anayeguswa na lile sharti la 1983 alitakiwa kulipwa shilingi ngapi.