Mtoto Atabaki na Nani?

Fundi wa nguo huona mambo kabla ya daktari. Cherehani yangu iko Kariobangi, kando ya barabara, na shule zikikaribia kufunguliwa ndipo navuna: kushusha pindo, kubadilisha zipu, kubana shati ambalo mzazi amenunua kubwa ili livaliwe miaka mitatu. Kwa hiyo binti wa jirani aliponiletea sketi yake ya marinda akasema, "Anti, toa huu mkanda uniwekee lastiki, nimenenepa," sikushtuka. Yuko kidato cha pili, ana miaka 16, wasichana hunenepa. Nikamtoza shilingi hamsini. Wiki tano baadaye akairudisha, eti lastiki inabana. Nikatia nyingine, pana zaidi. Sikumtazama usoni. Nilipitisha tepu kiunoni, nikajua, nikanyamaza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alificha na akazaa, na mimi ndiye niliyemsaidia kuficha.

Kile kimya changu kilikuwa na gharama yake. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito aonwe kliniki angalau mara 8, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita. Huyu alifika kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi sita, mama yake akimvuta mkono. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Miguu ilikuwa imevimba, na presha ikawa inafuatiliwa kila wiki kwa kuogopa kifafa cha mimba, ambacho huwapata zaidi wasichana wa umri huo kuliko mama aliyepita miaka ishirini. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini mtoto alikuwa na kilo mbili na gramu mia mbili, na kipimo cha uzito wa kutosha huanzia kilo mbili na nusu. Wengine hawarudi nyumbani. Duniani kote, matatizo ya ujauzito na kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi wasichana wa miaka 15 hadi 19. Wapo pia wanaorudi na fistula, tundu linalovujisha mkojo bila kukoma, kwa sababu nyonga haikuwa tayari na uchungu ulikaa mno, halafu wanaishi wakinuka mkojo na kujificha kwa watu.

Sisi wa Nairobi tuna tabia ya kusoma takwimu za mimba za utotoni kama habari za mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule unaoitwa KDHS, ulionyesha kwamba wasichana 15 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshawahi kushika mimba. Samburu ni 50 kati ya 100. Nyeri na Nyandarua ni 5 tu. Basi tunasema hayo ni mambo ya wafugaji, tunageuza ukurasa. Njoo ukae kwenye kigoda changu wiki moja ya Januari uhesabu lastiki.

Sasa nieleze kikao cha kuzungumzia ile mimba, maana nilialikwa kama jirani na bado kinaniuma. Kilifanyika sebuleni kwao, Jumapili baada ya kanisa. Chai ilimiminwa, mkate ukakatwa. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa na duka la kutengeneza simu nyuma ya ploti yetu, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, na alikuja na mjomba wake kama anayekuja kuposa. Hakuna aliyetaja neno kosa. Walitaja "bahati mbaya". Walitaja "vijana". Kijana yupi? Mjomba akaweka mezani elfu kumi na tano na ahadi ya elfu mbili kila mwezi, na baba wa binti, ambaye wiki hiyo hakuwa amepata kibarua hata siku moja, akaitazama ile bahasha kwa muda mrefu. Binti alikuwa jikoni akiosha vikombe. Hakuitwa.

Elfu mbili zilikuja mara mbili. Mwezi wa tatu duka lilikuwa na kufuli, na keateka, msimamizi wa ploti, akatuambia jamaa amehamia Ruiru.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina haja ya chai na mkate. Mtu mzima akilala na mtoto wa miaka 16 au 17, kifungo chake hakipungui miaka 15. Mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, hakipungui 20. Akiwa wa 11 kurudi chini, ni maisha. Ridhaa ya mtoto haipo, hata kama alimwandikia meseji za mapenzi. Watu husema, "Ukimfunga, nani atalea mtoto?" Ni swali la haki kwa mtu mwenye njaa, lakini linachanganya vitu viwili. Matunzo ni haki ya mtoto: Katiba, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au la, na ofisi ya watoto pamoja na mahakama ya watoto zipo kwa ajili ya kudai hayo. Yale ya sebuleni hayakuwa matunzo. Ilikuwa bei ya kunyamaza, tena ya mkopo.

(Kijana wa darasa moja na msichana ni habari nyingine kwangu. Huyo simwombei jela. Huyo namtaka anunue nepi na asikie mtoto akilia saa nane za usiku, halafu wote wawili warudi shule. Nashangaa tu jinsi wavulana hubaki darasani siku ileile ambayo msichana anafungasha vitabu.)

Nikija kwenye kuzuia, mahubiri tuyaweke kando kidogo. Hata mimi ni mtu wa kanisa na nimeimba kwaya. Lakini hawa watoto wanajua nini? Nimewasikiliza wakisubiri nguo zao. Mmoja anasema mara ya kwanza hushiki mimba. Mwingine anahesabu "siku salama" kinyume kabisa, anadhani katikati ya mzunguko wa hedhi ndiko kuna usalama, kumbe ndiko yai hutoka. Wanaijua P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, kwa jina kama wanavyojua bei ya chipsi, ila hakuna aliyewaambia kwamba kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwamba ni ya dharura tu, na kwamba haizuii ukimwi hata chembe. Zamani shangazi alikuwa na kazi hiyo. Shangazi sasa yuko ushago, mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi bidhaa Gikomba, na mwalimu anaogopa wazazi watakuja kulalamika kwamba anafundisha uchafu. Kwa hiyo anayefundisha ni mwenye duka la simu.

Na kuna wale ambao hakikuwa hata kishawishi, walilazimishwa. Hao wasioge, wasifue nguo, waende hospitali kabla saa 72 hazijaisha, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hapo hazianzishwi tena. Simu ya bure ni 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mtoto yeyote. Nimezibandika juu ya cherehani, karibu na bei ya kushona zipu, na nimewaona wasichana wakizisoma huku wakijifanya wanatazama vioo.

Ila kilichonifanya niandike ni kitu kidogo kuliko hayo yote. Binti alitaka kurudi shule.

Kurudi si hisani. Serikali iliruhusu tangu 1994, na mwongozo wa 2020 ukalisema upya kwa maneno wazi. Mwalimu mkuu wa shule yake, nikiri, hakuleta shida yoyote. Mwalimu mwingine alimwita "mama" mbele ya darasa siku ya kwanza, darasa likacheka, ikaisha. Aliletewa sare akaja kwangu, mara hii kuipunguza kiuno. Alikuwa na ombi lingine pia, alilisema akitazama chini: niweke bitana mbili kifuani mwa shati, upande wa ndani. Maziwa yalikuwa yanamwagika kila ifikapo saa nne, wakati ambao mtoto alizoea kunyonya, na shati la kijivu halifichi kitu. Nikachukua flana kuukuu, nikakata mviringo miwili, nikashona. Sikumtoza.

Watu wa semina huuliza kwa nini wasichana hawarudi wakati sera ipo. Wanataja aibu na unyanyapaa. Vipo. Lakini swali la kwanza katika ile nyumba lilikuwa: mtoto atabaki na nani? Bibi yake yuko sokoni. Babu yake yuko mjengoni siku akiitwa. Vituo vya kulea watoto mtaani ni chumba kimoja cha mabati, godoro chini, watoto kumi na wanane na mama mmoja, shilingi mia kwa siku na uji ulete mwenyewe. Mia kwa siku tano ni mia tano kwa wiki. Kwa nyumba ile, mia tano ni unga na mafuta ya taa.

Na shule yenyewe ni kinga, si zawadi ya baada ya makosa. Utafiti uleule wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wasiosoma kabisa, karibu 4 kati ya 10 wameshashika mimba. Kati ya waliosoma zaidi ya sekondari ni 5 kati ya 100. Msichana wa miaka 17 aliyekaa nyumbani na mtoto, bila shule wala kazi, ndiye atakayeletewa sukari na mwanamume wa pili. Nimeona mimba ya pili ikifuata ya kwanza kwa miezi kumi na minne.

Siku moja nilisoma Jedwali la Nne la Katiba, ile sehemu ya kazi za kaunti, kwa sababu mteja aliiacha dukani. Baada ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pameandikwa vituo vya kulea watoto. Imeandikwa tangu 2010. Kaunti yetu ina kazi hiyo mkononi na sijaona kituo cha umma cha watoto wachanga karibu na sekondari yoyote ya kutwa upande huu wa Eastlands. Mgombea akija kuomba kura ataniahidi taa na barabara. Mimi nataka chumba chenye sakafu safi, mlezi aliyefunzwa, na jokofu la maziwa yaliyokamuliwa, mita mia mbili kutoka lango la shule.

Kwa sasa kuna chama chetu cha kuchangiana pesa. Tuko kumi na moja. Nilisimama nikawaambia habari ya lastiki, yote, na mimi ndani yake. Wawili walinuna, wakasema tunawapa wasichana motisha ya kuzaa. Waliobaki tukakubaliana hamsini kila mmoja kwa wiki. Hesabu inapungukiwa kidogo na kufika mia tano, inayobaki bibi huijazia.

Tatizo lililobaki ni la saa. Lango la shule hufungwa saa moja kasorobo asubuhi, na kituo cha watoto hufunguliwa saa moja. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu, giza halijaisha vizuri, binti hupita dukani kwangu akiwa na begi mgongoni na mtoto kifuani. Namfungulia nusu ya mlango. Mtoto hukaa chini ya meza ya kukatia, kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, na siku hizi ameanza kuila tepu.