Konda Anaijua, Sisi Tunaikariri

Somo la uchumi wa usimamizi chuoni lina sifa mbaya kabla hata hujaingia darasani. Waliotutangulia wanakuambia: kaa na supu yako tayari, yaani mtihani wa marudio. Na wote wanalaumu hesabu.

Mimi naona hesabu zinaonewa. Kutafuta derivativu, yaani kasi ya badiliko, kulikuwemo kwenye BAM, hesabu za msingi za kidato cha tano na sita, na ambaye hakuigusa akikaa na mwenzake jioni kadhaa anaelewa. Kinachotuumiza ni madesa, hizi noti tunazopeana kusomea. Desa la unyumbufu wa mahitaji (bei ikipanda, wanunuzi wanapungua kiasi gani) lina kampuni isiyo na jina inayouza "bidhaa X". Unakokotoa, unapata -1.8, unapiga mstari chini, unahamia swali la pili. Kwamba hapo kupandisha bei kutapunguza mapato, hakuna anayekuuliza.

Na mifano ipo tele. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu hapa Tanzania ilianza 15 Julai 2021, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kelele zikawa nyingi, na Septemba hiyohiyo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Siasa ilikuwemo, sikatai. Lakini swali la darasani liko palepale: mtu wa kawaida ana mbadala gani wa kutuma pesa kwa simu, na ni kiwango gani kitamrudisha kwenye noti mkononi? Hilo linatosha kipindi kizima.

Mimi ninayempenda zaidi ni konda wa basi la mkoani. Tuseme nauli ya Morogoro hadi Iringa ni 20,000. Basi limefika Msamvu, stendi ya Morogoro, na siti tatu tupu, abiria anasema ana 14,000. Konda anajifanya kukasirika, anageuka, halafu: "Haya panda, kaa nyuma." Mafuta yataungua vilevile, dereva atalipwa vilevile. Abiria huyo anaongeza gharama kidogo mno, kwa hiyo karibu 14,000 yote ni faida. Ndiyo ile kanuni ya mapato ya nyongeza na gharama ya nyongeza tunayoichora kwa rula: mteja mmoja zaidi akileta kuliko anachogharimu, mchukue.

Ila konda huyohuyo, asubuhi pale stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, hapunguzi hata mia. Ana muda wa kumsubiri mwenye nauli kamili, na akishusha kwa mmoja foleni nzima itasikia. Kutoza bei tofauti kwa huduma ileile kunawezekana pale tu wateja wamejitenga, nako wamebanana dirisha moja. Kwenye desa letu jambo hili lina kurasa nne na grafu mbili, na sijaona aliyelielewa kupitia hizo grafu.

Ningekuwa natunga UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ningeweka swali moja la alama 40: hili hapa basi, hizi gharama zake, siti tatu tupu, saa nne asubuhi Msamvu. Kubali au kataa 14,000, na utetee jibu lako. Madesa ruksa kuingia nayo.