Patterson na petroli ya risasi
Eti Clair Patterson, mwanasayansi wa Marekani, atakumbukwa kwa kupata umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, mwaka 1956, kwa kupima isotopu (aina za atomi zinazotofautiana uzito) za madini ya risasi kwenye vimondo. Sawa, ila mimi namheshimu kwa usumbufu uliompata: vipimo vilivurugika kila mara kwa sababu risasi ilikuwa imetapakaa hadi kwenye vumbi la maabara. Akajenga maabara safi kupindukia, kisha akawavaa wenye viwanda vya petroli waliokuwa wakitia risasi kwenye petroli yao. Huku kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa mwanzoni mwa 2006 tu. Miaka ya tisini nikiwa utingo wa Peugeot nilinyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye dumu, natema, nasukutua kwa maji, safari inaendelea. Utingo wenzangu wa zamani, kuna aliyewahi kupimwa risasi kwenye damu?