Mwanafunzi wa uzamili ajipe maksi mwenyewe?

Zipo kozi za uzamili ambazo muhula ukikaribia kumalizika, mwanafunzi hupewa karatasi ya kujitathmini yenye maswali matatu: umejifunza nini, umeshiriki vipi darasani, na unastahili maksi ngapi kati ya 10. Wahadhiri hawajakubaliana juu ya jambo hili, na wanafunzi vilevile. Mimi nauunga mkono utaratibu wenyewe, lakini swali la tatu ndilo linaloyaharibu mawili yaliyotangulia.

Nianze na wanaoutetea, maana hoja yao ina uzito kwetu kuliko inavyodhaniwa. Wanaosoma uzamili Unguja wengi ni watu wazima wenye kazi zao: mwalimu wa skuli, muuguzi anayetoka zamu, afisa wa wizara anayekimbilia daladala ya Tunguu ili awahi kipindi cha jioni. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mhadhiri huziona chache tu kati ya hizo. Nyingine zinapita nyumbani watoto wakishalala, au ndani ya boti mtu akirudi Pemba kwa mapumziko na makala za kusoma mkobani. Anayejua zilivyotumika ni mwenyewe. Na akishahitimu, hatakuwapo mtu wa kumsahihishia kila ripoti anayoiandika. Asipozoea sasa kujiuliza kazi yake imefika wapi, atazoea lini?

Tena si jambo geni kwetu. Tumeisikia misikitini kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, ya kujihesabu kabla hatujahesabiwa. Lakini muhasaba wa namna hiyo hauna maksi. Mtu hukaa na nafsi yake usiku, hakuna wa kumwonesha, na hapati daraja la juu kwa kujisifu wala hashushwi kwa kukiri kasoro. Mweke mtu huyohuyo mbele ya karatasi ambayo namba yake inaingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake, na pengine mwajiri wake anaisubiri hiyo GPA. Hapo hajihesabu tena, anajitetea.

Wanaopinga wana ushahidi pia. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapima wanafunzi kisha wakawataka wajikadirie. Waliokuwa robo ya chini, ambao kwa wastani waliwashinda kiasi cha watu 12 tu katika kila 100, walijiona wamewashinda 62. Waliokuwa juu wakajikadiria chini ya nafasi yao halisi. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti wa Harvard kwenye madarasa ya fizikia: waliojifunza kwa kuhangaika na maswali walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, lakini wao ndio waliohisi wamejifunza kidogo. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusema kweli tupu na bado akakosea.

Hata hivyo, tafiti hizi hazifungi mjadala. Wale wa Cornell walipofundishwa mantiki, wanyonge wao walianza kuyaona makosa yao. Na mapitio ya tafiti za kujitathmini ya Nancy Falchikov na David Boud ya mwaka 1989 yalionesha kuwa wanafunzi wa kozi za juu hujipima kwa kukaribiana zaidi na wahadhiri wao. Uzamili ni kozi ya juu.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo la kushiriki. Kwenye darsa, mtu anaweza kukaa mbele ya shekhe miaka akisikiliza, asifungue kinywa ila akiulizwa, na hakuna atakayesema hashiriki. Kunyamaza kwake ni adabu. Anaingia kwenye semina ya uzamili na tabia hiyohiyo, anahesabiwa mzito. Ongeza kwamba safu ya mbele huenda amekaa mwalimu mkuu wake, na si wepesi kumpinga bosi wako saa 11 jioni halafu ukakutana naye skuli asubuhi. Ongeza Kiingereza: wapo wanaokaa kimya saa nzima, kisha nje ya mlango wanachambua mada kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko aliyekuwa akizungumza ndani. Watu hawa wakiambiwa wajipe maksi za kushiriki, haya inawafanya waandike 5. Msemaji anaandika 9 bila kusita.

Sasa chukua karatasi mbili za kozi ya mbinu za utafiti. Ya kwanza inasema: "Nimeshiriki ipasavyo na nimejifunza mengi yatakayonisaidia kazini. 9." Ya pili inasema: "Niliamini sampuli ikiwa kubwa inatosha. Mwenzangu akanipinga: ukiwahoji watu elfu moja wa Mjini juu ya bei ya karafuu, mkulima wa Wete, Pemba, bado hayumo. Nimeiandika upya sura ya tatu ya pendekezo langu. 6." Mhadhiri akizifuata namba, amemtunuku asiyesema kitu. Akiyasoma maelezo, jibu liko wazi: huyu wa pili ametaja alichokiamini, kilichombadilisha, na kazi inayoweza kufunguliwa ikaangaliwa.

Ndiyo maana naona namba iondoke mkononi mwa mwanafunzi na maelezo yabaki. Maksi zitolewe kwa ushahidi anaouleta, na kushiriki kuhesabiwe pia kwa maswali yaliyoandikwa, maoni juu ya rasimu za wenzake, na mchango katika kazi ya kikundi. Karatasi ije katikati ya muhula, mtu akiwa bado na nafasi ya kujirekebisha, na mhadhiri aijibu.

Gharama ipo. Kuisoma na kuijibu karatasi moja kwa dakika 10, darasa la watu 15 ni saa mbili na nusu. Sioni udhuru hapo. Darasa la watu 40 linapita saa sita, na kwa mhadhiri mwenye kozi tatu huo ni mzigo wa kweli. Kwake ningesema ifanyike mara moja tu, wiki ya saba, mwanafunzi aeleze jambo moja lililobadilika katika kazi yake, kwa nusu ukurasa, na kwa Kiswahili akitaka.