Karoti Yenye Miguu Miwili

Agosti iliyopita, nikiwa nyumbani Nakuru kwa likizo ya wiki tatu, mamangu aliniaibisha pale soko la Wakulima. Au tuseme mimi ndiye niliyemwaibisha yeye.

Tulikuwa tumesimama mbele ya mafungu ya nyanya, nne nne, yamepangwa juu ya gunia. Mama akaonyesha fungu moja kwa kidole. Mimi nikainama, nikachukua nyanya ya juu, nikaigeuza, nikaona alama ya kahawia karibu na kikonyo, nikairudisha na kunyoosha mkono kwenye fungu la pili nichukue nyingine safi. Mwenye mali akautazama mkono wangu, kisha akamtazama mama.

"Huyu kijana ametoka wapi?" akauliza, wala si kwa hasira.

"Ametoka Ulaya. Msamehe."

Wakacheka wote wawili. Akatufungia lile fungu la kwanza, lenye nyanya yangu yenye alama, akatuongezea mbili zilizopasuka. "Hizi mpike leo," akasema.

Njiani mama akanikumbusha kitu nilichokua nacho tangu utoto na bado nikakisahau: fungu ni hesabu. Yule muuzaji alfajiri amenunua kreti nzima, na ndani ya kreti hakuna nyanya zinazofanana. Kuna kubwa, kuna ndogo, kuna iliyobonyea njiani, kuna ambayo bado ina kijani mgongoni. Anapopanga anachanganya makusudi: mbili nzuri, moja ndogo, moja iliyolainika kidogo. Bei ya fungu ni bei ya zote nne pamoja. Ukija wewe na kidole chako cha Ulaya ukachagua nzuri tupu, unamwachia mafungu yenye mbovu tupu, na hayo jioni hayana mnunuzi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kutuambia kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nakuru hatuna minazi, kwa hiyo methali hiyo tuliikariri tu kwa ajili ya mtihani. Siku hiyo nilimwelewa.

Nimeishi Coventry, katikati ya Uingereza, tangu 2015. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu za usiku. Nilipofika, kitu kilichonishangaza dukani hakikuwa bei, kwa sababu bei nilikuwa nimeonywa. Zilikuwa karoti. Zote urefu mmoja, unene mmoja, kama misumari ya inchi sita kwenye hadiwea. Nikadhani ni mbegu ya kizungu. Mwenzangu wa kazini, Mpolandi aliyewahi kufanya kazi kwenye ghala la kupakia mboga, akanieleza kwamba hata huko karoti huota miguu miwili mzizi ukigonga jiwe, ila hizo hazifiki dukani. Nyingine hulishwa mifugo, nyingine zinalimiwa chini zirudi kuwa udongo.

Mapema mwaka 2016 duka kubwa la Asda likaanza kuuza sanduku la mboga za kombo, kilo tano kwa pauni 3.50, kama shilingi mia tano za wakati huo. Nilinunua langu kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Karoti yenye miguu miwili! Viazi vyenye pua! Nikapiga picha, nikazituma kwenye grupu la familia, na shemeji akauliza kama huko pia kuna ukame.

Sasa niseme ukweli: nusu ya sanduku lile niliitupa. Kilo tano ni nyingi kwa mtu mmoja anayelala mchana, na kulikuwa na vitunguu virefu vya majani ambavyo sikujua kuvipika. Mboga zilizookolewa shambani zikaja kuozea kwenye friji yangu. Nami si peke yangu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lile lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, hotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Jikoni kama kwangu.

Wazungu wenyewe walifikaje hapo? Kwa muda mrefu lilikuwa suala la sheria. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1988 ilisema tango la daraja la juu lisipinde zaidi ya milimita 10 kwa kila sentimita 10 za urefu wake. Mtu mzima, mwenye familia, alilipwa mshahara kupima mpindo wa tango. Julai 2009 kanuni za namna hiyo ziliondolewa kwa aina 26 za matunda na mboga, lakini zikabaki kwa aina kumi zenye biashara kubwa, zikiwamo nyanya na tufaha. Na hata zilipoondoka, masharti ya maduka yenyewe hayakuondoka. Wafaransa mwaka 2014 walijaribu njia nyingine: maduka ya Intermarché yakauza matunda na mboga zenye sura mbaya kwa bei pungufu ya asilimia 30, na matangazo ya kuchekesha juu. Watu walinunua. Mtu akipunguziwa asilimia 30, pua ya kiazi haimsumbui.

Hapo ndipo huwa nabishana na marafiki zangu wa huku, wanaoamini kwamba kununua karoti ya kombo ni tendo la utu. Kwetu halikuwa tendo la chochote. Ilikuwa siku ya kawaida, Jumanne tu. Sukuma wiki yenye matundu, mamangu huipenda kuliko isiyo na tundu, kwa sababu anasema mdudu ameonja akaondoka mzima, maana yake haikupigwa dawa jana. Viazi vidogo vinaenda kwenye mukimo, vikubwa wanavichukua wenye chipsi. Ndizi iliyoiva kupita kiasi anapewa mtoto. Kila kasoro ina mtu wake na ina bei yake, na mama mboga anawajua wote kwa majina. Anajua nani ana wageni leo na anataka nyanya za kachumbari, nani anapika mchuzi tu. Kabichi ikiwa na jani bovu analivua mbele yako. Karoti ikiwa na doa analikata kwa kisu chake na kukuuzia kilichobaki. Huna pesa leo? Anaandika.

Huku Coventry nilikuja kugundua kitu kama hicho, nikiwa nimechelewa. Kuna soko la mjini, jengo la mviringo la mwaka 1958, na ndani yake wachuuzi wanapanga matunda kwenye mabakuli. Bakuli moja, bei moja. Hukubaliwi kuchagua, anakumiminia lote kwenye mfuko, yaliyo chini na yaliyo juu. Siku ya kwanza kuliona nilisimama nikitabasamu kama mjinga. Ni fungu! Lakini wanunuzi wengi pale ni wazee na sisi wageni. Vijana wa mji wapo kwenye maduka makubwa, wanasoma tarehe kwenye pakiti.

Kuna jambo lingine ambalo huwa halitajwi kwenye mazungumzo haya ya mboga za kombo, nalo linatugusa sisi. Binamu yangu upande wa Naivasha alilima mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, kwa misimu kadhaa, ile ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Mchana wa siku ya kuchuma, meza inawekwa chini ya mti, wanawake wanaketi kuchambua. Uliopinda, pembeni. Ulionenepa, pembeni. Wenye doa, pembeni. Kinachobaki kinapimwa, na hicho ndicho kinacholipwa. Mbolea, maji na vibarua vimeingia kwenye mishiri yote, ila malipo yanakuja kwa iliyonyooka. Iliyowekwa pembeni inauzwa sokoni kwa bei ya kutupa, na wiki ambayo kila mtu amechuma inaliwa na ng'ombe. Mishiri ya Kenya naiona hapa dukani, imelala ndani ya plastiki kama penseli mpya. Siku nyingine nainunua, siku nyingine nashindwa.

Kwa hiyo mtu wa Coventry akinieleza jinsi anavyopenda mboga zisizo kamilifu, natamani kumuuliza kama yuko tayari kupenda mshiri uliopinda kwa bei ya ulionyooka. Huo ndio upendo ambao binamu yangu angeuona kwenye M-Pesa yake.

Sisemi nyumbani kuko sawa. Tena kuna jambo linaniudhi zaidi kila nikirudi. Mji wetu ndio uliolea maduka makubwa ya Kenya: Nakumatt jina lake lilitokana na Nakuru Mattresses, na Naivas ilianzia Rongai, hapo jirani tu, mwaka 1990. Sasa watu wa umri wangu waliojenga nyumba mtaani Kiamunyi wananunua karoti zilizooshwa, kwenye trei, zimefungwa nailoni. Mpwa wangu wa miaka tisa aliona karoti za mamangu zenye udongo akaniuliza, "Anko, hizi zimeharibika?" Nikacheka, kisha nikakumbuka nyanya yangu yenye alama.

Tunajifunza uchaguzi wa Ulaya wakati Ulaya inahangaika kuusahau, na tunajifunza bila kuwa na friji ya kutosha.

Wako wanaotaka sasa tuletewe kampeni: Wakenya wafundishwe kununua mboga zenye sura mbaya. Hapo mimi natoka nje ya mkutano. Kinachoharibu chakula chetu kingi si uchaguzi wa mnunuzi. Nendeni Molo wakati wa mavuno ya viazi. Wengi wamepanda Shangi, kiazi kinachoiva haraka na kupikika haraka, lakini ambacho hakijui kungoja. Wiki chache tu ghalani kinaanza kuchipua. Mkulima hana pa kukihifadhi, broka analijua hilo, na barabara ya shambani mvua ikinyesha inafungwa na matope. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Gunia lenye kilemba, lililoshonewa wavu juu likabeba karibu mara mbili ya hizo, bado linafahamika kwa kila mtu aliyewahi kulibeba mgongoni. Likitupwa kutoka kwenye lori, viazi vya chini vinapata kidonda ambacho jikoni kitaonekana kama uozo. Nyanya nazo zinasafiri kwenye kreti za mbao zenye misumari, zikipigwa na kila shimo la barabara. Mteja wa soko la Wakulima amesamehe mengi tayari. Mpeni mkulima ghala la baridi, na kreti isiyochoma, ndipo tuzungumze juu ya macho ya mteja.

Tena kusamehe kuna mpaka, na watu wa huku wakisimulia habari za mboga za kombo huwa wanaupita mbio. Kiazi kilichopinda ni kiazi. Kiazi kilichokaa juani kikageuka kijani kina sumu, na mama zetu walikikataa kabla ya kusikia jina la solanini. Karoti yenye miguu miwili ni karoti. Mahindi yenye ukungu ni jambo jingine kabisa: mwaka 2004, huko Mashariki ya nchi, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Nataja hili kwa sababu nimewahi kuuziwa na duka moja pale mjini gorogoro la mahindi yenye harufu, na muuzaji akaniambia ni "kasoro ndogo, ukiosha inatoka". Haitoki. Mamangu alinusa mara moja akayamwaga shimoni, hata kuku hakuwapa, na akafunika kwa udongo. Jicho linalosamehe fungu la nyanya ndilo hilo hilo lililokataa yale mahindi, na pua ikasaidia. Sijui mpwa wangu atalipata wapi jicho hilo ikiwa kila anachokiona kimeoshwa na kufungwa.

Nimejirekebisha kidogo tangu Agosti. Jumamosi nikitoka zamu napitia soko la mviringo, nachukua mabakuli mawili, sichagui. Vile vitunguu virefu nimejifunza kuvikaanga pamoja na kabichi, na mwenzangu wa Poland anasema si vibaya. Majuzi nilipata karoti yenye miguu miwili, nzuri sana, imekunja mguu mmoja juu ya mwingine kama mzee anayesubiri chai. Nikampigia mama picha, nikamtumia.

Akanijibu kwa sauti. Nilitegemea kicheko.

"Nimeiona. Na udongo wake uko wapi?" Kukawa na kimya, nikasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria. "Hiyo wameiosha, baba, haitakaa. Ipike leo."