Fomu haijaribiwi kwa picha

Swali hili linanikera kila linapoulizwa: "Programu gani nzuri ya kutengenezea mfano wa tovuti (prototype, wa kujaribia kabla ya kujenga)?" Muulizaji hajasema anataka kupima nini, wanaojibu nao hawamuulizi. Inatajwa Figma, programu ya kuchorea skrini, mjadala umekwisha. Wiki tatu baadaye kuna skrini 40 zenye rangi za kupendeza na fomu ambayo hakuna aliyewahi kuiandikia hata tarakimu moja.

Kama unapima mtiririko tu, mtu aanzie wapi na afikie wapi, karatasi na kalamu nzito vinatosha. Menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na reli kwenye simu, ndiyo kabisa: ni maandishi matupu, ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, daftari linamaliza kazi.

Fomu ni habari nyingine, na hapa sirudi nyuma. Chukua ya kujisajili: jina, namba ya simu, nenosiri, na kitufe cha "Endelea" chini. Katika mfano wa kawaida wa Figma kisanduku ni mchoro. Mtu anakigusa, inakuja skrini ambayo namba imeshajazwa. Kwenye simu halisi kibodi inapanda, inafunika karibu nusu ya kioo, na "Endelea" inazama chini yake. Halafu mmoja anaandika 0712, mwingine +255, wa tatu anaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Hayo huyaoni kwenye mchoro hata uuchore mwezi mzima.

Kwa hiyo fomu iandike kwa HTML tupu, lugha ya kurasa za wavuti, ukurasa mmoja, bila hifadhidata. Weka mstari wa viewport, unaoiambia simu upana wa ukurasa, wenye width=device-width; ukiukosa, simu huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, na maandishi yanakuwa punje za mchanga. Kisanduku cha simu kipe type="tel" ili ifunguke kibodi ya namba. Herufi za visanduku zisipungue pikseli 16, la sivyo Safari, kivinjari cha iPhone, huukuza ukurasa kila kisanduku kikiguswa. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48. Kisha fungua dirisha la amri (terminal) ndani ya folda yenye ukurasa huo, andika python3 -m http.server 8000 ili kompyuta iwe seva ndogo, weka simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, na kwenye simu fungua anwani ya IP ya kompyuta ikifuatiwa na :8000. Ukurasa ukigoma, angalia kama ulinzi wa mtandao wa Windows (firewall) umeizuia Python.

Na maneno yawe ya Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha "Save" hakiitoshi "Hifadhi".

Sawa, timu ikihariri faili moja kwa pamoja, Figma inawafaa sana, na mteja anafungua kiungo bila kusakinisha kitu. Sketch inataka Mac. Penpot ni ya chanzo huria, unaweza kuiweka kwenye seva yako. InVision, nyingine ya aina hiyo, ilifungwa mwishoni mwa 2024, basi popote unapochorea, toa nakala za SVG na PDF kila mwezi.

Siku ya kujaribu, mpe mtu simu, mwambie ajisajili, kisha nyamaza. Usimwelekeze. Tazama kidole gumba chake: kinaposita, andika jina la kisanduku hicho.