Shule ya walimu wawili Kaliua: ivunjwe au ikuzwe?

Februari nilikwenda msibani katika kitongoji kimoja kilicho ndani kabisa ya Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora. Asubuhi baada ya maziko nikapita kwenye shule shikizi ya hapo, yaani shule ndogo isiyosajiliwa iliyo chini ya shule kubwa ya jirani, inayoitwa shule mama. Ina vyumba viwili, walimu wawili na watoto wapatao 120, kuanzia awali hadi Darasa la Nne. Siku hiyo mwalimu mmoja alikuwa amefuata mshahara mjini. Aliyebaki, binti mdogo tu, alikuwa amepiga mstari wa chaki katikati ya ubao. Kushoto kulikuwa na silabi za Darasa la Kwanza, kulia hesabu za kutoa za Darasa la Pili. Hawa wakiimba ba, be, bi, wale wanaandika, kisha anageuka. Chumba cha pili kilikuwa chini ya kiranja wa Darasa la Nne, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu hivi.

Serikali ya kijiji inavutana juu ya shule hii. Wapo wanaotaka ifungwe, watoto wote waende shule mama iliyo kilomita saba. Wengine wanataka iongezewe madarasa na isajiliwe iwe shule kamili. Nimesikiliza pande zote mbili, na nakiri kwamba wanaotaka ifungwe wana hoja nzito kuliko nilivyodhani.

Tuanze na fedha. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, serikali imepanga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazoshuka shuleni. Watoto 120 ni shilingi 720,000 kwa mwaka, sawa na 60,000 kwa mwezi. Humo mtoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na nauli za walimu. Shule yenye watoto 900 inapata 5,400,000. Kitasa kibovu ni bei ileile kote kuwili, na bati lililong'olewa na upepo halipungui bei kwa sababu shule ni ndogo. Zaidi ya hapo, shule shikizi haina usajili, watoto wake huhesabiwa shule mama, kwa hiyo hata hizo 60,000 zinapitia kwanza mikononi mwa mwalimu mkuu ambaye naye ana mahitaji yake.

Kwenye walimu ndiko hesabu inapouma zaidi. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Kwa kipimo hicho watoto 120 wanastahili walimu watatu, basi. Ukiifanya shule hii iwe kamili bila watoto kuongezeka sana, walimu hao watatu watabeba madarasa yote, kuanzia awali hadi mwisho, pamoja na masomo yote ya madarasa ya juu. Sayansi ya Darasa la Sita itafundishwa na nani, saa ngapi? Wanaotaka usajili kamili hawajalijibu swali hili, nami sioni jibu lake kwa ikama ya sasa. Mthibiti ubora naye, yaani mkaguzi wa shule, akiwa na gari moja na shule nyingi, hawezi kufika huku mara kwa mara.

Sasa njoo upande wa pili. Kilomita saba kwenda na saba kurudi, kwa mtoto wa miaka sita, peku. Katikati ya njia kuna mbuga, bonde tambarare linalojaa maji wakati wa mvua. Tabora mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, na muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, yaani mbuga ikiwa imejaa. Mama mmoja alinipeleka hadi kwenye kivuko akanionyesha mti wenye alama ya tope: maji yalifika pale msimu uliopita. Alama ile ilikuwa juu ya kifua changu.

Kabla shule shikizi haijajengwa, wazazi walikuwa wanasubiri mtoto akomae miguu ndipo wamwandikishe, akiwa na miaka tisa au kumi. Hapa kuna jambo ambalo wapangaji wa mjini hawalioni kirahisi. Umri unaomwezesha mtoto kutembea kilomita saba ndio umri unaomwezesha kutunga majani ya tumbaku na kuchochea moto kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Ukimchelewesha, shule na shamba vinamgombania siku ileile, na shamba ndilo linaloshinda. Binti aliyeanza akiwa na miaka kumi anafika Darasa la Tano akiwa na kumi na minne, na watu wameshaanza kuuliza habari zake. Kwa hiyo wananchi walipochanga matofali na kujenga vyumba vile, walikuwa wanaokoa miaka mitatu ya maisha ya watoto wao.

Serikali yenyewe ilishalitambua hilo. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipangiwa madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Haingekuwa na maana kujenga kwa kasi ile kisha kufunga.

Hoja ya kuipima shule hii kwa ufaulu wa mitihani siikubali, awe nani anayeitoa. Watoto wakiwa 12 kwenye mtihani, mmoja akiamka na malaria, ufaulu umeshuka kwa zaidi ya asilimia nane. Shule ndogo usiipime kwa wastani. Ingia Darasa la Pili, mpe kila mtoto aya fupi asome mbele yako. Watoto wa Darasa la Pili pale ni 26. Nusu saa inatosha kumjua kila mmoja anakwama wapi, na yule binti mwalimu alikuwa anawajua kwa majina, kwa nyumba zao, na kwa herufi zinazowasumbua. Kwenye darasa la watoto 150 mwalimu, hata awe hodari kiasi gani, hawezi hilo.

Mimi nasema shule ibaki, lakini iishie Darasa la Nne. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Maana yake mtoto atakayemaliza la nne hapa atabakiza miaka miwili tu ya kutembea kwenda shule mama, akiwa na miaka kumi au kumi na moja, anajua kusoma, na anaweza kushikana mikono na wenzake kuvuka mbuga. Nao walimu wa shule ndogo wahesabiwe kwa madarasa yaliyopo, si kwa vichwa tu: wasipungue watatu, na mmoja awe mzoefu wa madarasa ya chini.

Lakini hata hao watatu hawatakaa bila nyumba. Binti yule analala kwenye chumba kilichopakana na ghala la chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa masoko, marobota ya tumbaku yanapopangwa hadi darini, anaumwa kichwa kwa harufu. Ameomba uhamisho, na sitamlaumu akiupata. Tumejifunza kujenga madarasa. Nyumba ya mwalimu bado tunaiona kama nyongeza.

Tumbaku inayomuumiza kichwa inailipia halmashauri ushuru wa asilimia tatu kila inapouzwa. Sehemu ya ushuru unaotoka kitongoji hiki ingetosha kuanzia kazi, kwa sababu wananchi wameshafika mbali: boma la nyumba ya vyumba viwili limesimama hadi kwenye lenta nyuma ya shule. Limebaki kupauliwa. Likikosa bati kabla ya Novemba, matofali yale ni ya kuchoma nusunusu, mvua moja ya wiki nzima itayalaza.